Siku Neno "Mizani" Lilipochujwa

Siku yangu ya kwanza kazini Mkuu wa Kituo alinionyesha kiti, akanisogezea boksi la kadi ngumu, akasema kila neno geni nitakaloliona gazetini niliandike kwenye kadi pamoja na sentensi yake nzima. Nikamuuliza kwa nini sentensi nzima na si neno peke yake. Yeye akaniuliza kama nimeolewa. Nikamjibu kwamba nimeolewa.

"Basi kabla hujaolewa," akasema, "wazee wenu walimtazama kijana peke yake, au waliulizia pia anatembea na akina nani?"

Waliulizia, tena sana. Baba yangu alimtuma mtu hadi Ileje. Mkuu akasema neno nalo huchunguzwa hivyo hivyo, akarudi kwenye kazi zake. Huo ndio ulikuwa msingi wa kazi yangu yote, na tangu hapo nimekaa kwenye semina nyingi zenye chai na vitafunwa bila kuusikia ukielezwa vizuri zaidi.

Kituo chetu cha utafiti wa lugha kilikuwa nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko la Vwawa. Mbozi ilikuwa bado wilaya ya Mkoa wa Mbeya. Habari za Mkoa wa Songwe zilikuja nimeshastaafu. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa. Magazeti yalikuwa yameota kama uyoga, na kahawa ya wazazi wetu, ambayo zamani ilinunuliwa na chama cha ushirika peke yake, sasa iliweza kununuliwa na yeyote mwenye gari na mizani.

Kompyuta ilikuja baadaye. Ndani yake tuliweka kongoo, yaani hazina ya matini: magazeti, hotuba, barua na mazungumzo ya watu, vyote vikiwa vimechapwa neno kwa neno. Ukiandika neno unalolichunguza, ambalo sisi tuliliita neno kiini, programu inakupangia mistari tele, neno hilo likiwa katikati, na maneno manne kushoto na manne kulia. Kisha unaiagiza ikuonyeshe ni majirani gani wanarudi rudi kuliko inavyoweza kuwa bahati tu. Hayo ndiyo maneno-andamani. Kwamba "chai" huandamana na "kunywa" si ajabu. Ajabu ni pale majirani wa neno wanapokuonyesha jambo linalowakera watu wote wa mahali fulani, na kila mmoja alidhani linamkera yeye tu.

Programu yenyewe ilitengenezwa na watu ambao vitenzi vyao havivai makoti mawili mawili. Kwake "amenipunja", "wanatupunja" na "tulipunjwa" yalikuwa maneno matatu yasiyojuana. Ilinibidi niandike shina tu na kuweka kinyota mbele na nyuma, ndipo ilipokubali kwamba ni ndugu. Nilijifunza hayo kwa kukosea, maana hapakuwa na wa kunifundisha.

Halafu kulikuwa na orodha ya kuchuja. Maneno kama "na", "ya", "kwa" na "ni" hujazana kando ya kila neno, kama wadoezi kwenye harusi. Huwezi kupata maana yoyote kutoka kwao, kwa hiyo unayaorodhesha, na programu inafanya kama haiyaoni. Mkuu wa Kituo alikuwa mkali kuhusu orodha hiyo. Alituambia ukitia humo neno lenye maana, umemziba mtu mdomo.

Alinipeleka Tunduma nikakusanye mazungumzo ya mpakani. Nilikaa huko misimu kadhaa na kinasa sauti cha mkanda, nikizunguka kwa wafanyabiashara waliotoka mikoa yote ya nchi hii na kwa wateja wao kutoka Zambia. Walianza kwa kusalimiana "mulishani" kwa Kibemba, wakapatana bei kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiingereza. Malori yalinguruma nyuma ya kila sentensi, na unukuzi, yaani kuisikiliza sauti na kuichapa, ulikuwa adhabu tupu. Lakini Mkuu hakuruhusu tumsahihishe mtu. Alivyosema ndivyo ilivyoandikwa. Niliporudi Vwawa nilikuta kongoo yetu imenenepa na mimi naipenda kama mtoto niliyemzaa.

Mkuu akastaafu. Kwenye nafasi yake akaletwa mtu mwenye cheo cha Mratibu wa Mradi, msomi mzuri, mpole wa sauti, na alikuja na kazi mkononi. Wafadhili fulani walitaka kujua kwa nini wakulima wa Mbozi wanaipa kahawa mgongo. Sisi tungewarekodi wakulima, tungechunguza neno "kahawa" na majirani zake, na kile tutakachoandika ndicho wafadhili wangekipeleka vijijini. Nilifurahi kupita kiasi. Kwa mara ya kwanza kazi yetu ingemfaa mtu asiyejua hata kwamba tupo.

Nilianzia nyumbani Iyula, kwa dada yangu mkubwa, Dada Eliza. Alikuwa mjane, na shamba la kahawa aliloachiwa na marehemu shemeji ndilo lililowasomesha wanawe. Aliwaita majirani uani kwake, wakaongea mchana kutwa. Yeye aliongea mwisho, kwa Kiswahili chake chenye Kinyiha ndani, kinachopanda na kushuka kama njia ya kwenda mtoni.

"Kulima tunajua," alisema. "Baba yetu alilima, na sisi tunalima. Shida ni mnunuzi anakuja na mizani yake. Kahawa ikiwa ndani kwangu ni nzito, ikifika barabarani kwake imekuwa nyepesi. Watuletee mizani ya kijiji. Ikae kwa mtendaji, mtu apime mwenyewe kwanza, ndiyo auze. Mimi sina lingine."

Nilipozima kinasa sauti akaniuliza, "Mdogo wangu, haya yatafika?"

Nikamjibu yatafika. Sikuwa na sababu ya kusema vingine.

Tulirekodi vijiji vingine vingi, na mimi ndiye niliyenukuu. Siku nilipoiagiza programu inionyeshe majirani wa "kahawa", wa kwanza kabisa alikuwa "mizani". Nyuma yake likafuata shina la "kupunja", kisha "kung'oa". "Mbolea" na "dawa" yalikuwa mbali huko chini. Watu wa vijiji visivyojuana walikuwa wamesema kitu kimoja, na mashine isiyo na shangazi wala mjomba Mbozi ilikuwa imewasikia. Nililipeleka lile jedwali kwa Mratibu nikitabasamu kama mtu anayepeleka habari za mtoto aliyefaulu.

Alilisoma, akarudia kulisoma. Akaniambia wafadhili wameshaagiza miche na mbolea, na wataalamu wa kilimo wameshaajiriwa. Tena baadhi ya wanunuzi wa kahawa wanakaa kwenye kamati ya mradi. Nikamwambia basi ni vizuri wapate habari mapema.

"Mama Tumaini," akasema kwa upole wake ule, "neno linalotokea kila mahali halina taarifa. Linakuwa kama 'na' au 'ya'. Liweke kwenye orodha ya kuchuja."

"Linatokea kila mahali kwa sababu wizi uko kila mahali."

"Hiyo ni siasa. Sisi ni watu wa lugha."

Nikamwambia sitaliweka. Hakufoka. Alivuta kibodi upande wake, akafungua orodha, na mimi nikiwa nimekaa pale pale akaliandika mwenyewe. Orodha hujipanga kialfabeti, hivyo "mizani" likaenda likakaa kati ya "mimi" na "mno". Akabonyeza. Skrini ikawa tupu kidogo, ikarudi, na "mizani" halikuwemo tena. Kwa sababu "kupunja" na "kung'oa" bila "mizani" yalionekana kama manung'uniko tu, nayo yakaachwa nje ya ripoti, na jirani wa kwanza wa "kahawa" akawa "mbolea".

Hakuna sauti iliyofutwa, na hakuna mstari uliobadilishwa. Mkaguzi yeyote angekuta kila kitu mahali pake. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba jambo lile lilifanywa kwa usafi kabisa. Ripoti ilisema mkulima wa Mbozi anahitaji kuelimishwa kuhusu mbolea, na jina langu lilikuwa la pili kwenye jalada bila mimi kuulizwa. Niliandika makao makuu kupinga. Nilijibiwa kwamba maamuzi ya kitaalamu ni ya Mratibu.

Wataalamu walifika Iyula na mabango na kofia. Dada Eliza alikwenda kwenye semina, akanyoosha mkono, akaulizia mizani. Aliambiwa kwa heshima kwamba utafiti haukuonyesha tatizo hilo.

Kesho yake alipanda gari akaja Vwawa, akakaa sebuleni kwangu na chai hakuigusa.

"Wanasema utafiti haukuonyesha," akaniambia. "Mwenye utafiti si wewe?"

Nikamweleza orodha ya kuchuja. Jaribuni ninyi, mnaosoma isimu leo, kumweleza jambo hilo mtu aliyepunjwa kahawa yake miaka mingi. Nilizunguka, nikatoa mifano, nikazungumzia "na" na "ya". Alisikiliza mpaka nilipoishiwa.

"Kwa hiyo mlinisikia," akasema, "halafu mkaiambia mashine isinisikie."

"Ndiyo, dada."

Akajifunga kitenge chake vizuri, akaaga. Msimu ule aling'oa kahawa yote ya marehemu akapanda mahindi. Nilitaka kwenda kumsaidia kazi, akanitumia salamu kwamba nisijisumbue. Tulikaa miaka tukikutana misibani tu, tukipeana mikono kama watu wa kanisa moja.

Mimi nilihamishwa mara mbili. Kwanza nilirudishwa Tunduma, safari hii bila kompyuta, kutafsiri vibao vya matangazo. Baadaye, wilaya ya Momba ilipoanzishwa, nikaazimwa Chitete kusahihisha Kiswahili cha barua za ofisi. Masika barabara ilikuwa inakatika, na mimi pamoja nayo nakatika na dunia. Afisa Utumishi wa kule alinionea huruma, akaniuliza nilimkosea nani. Nikamwambia nilikataa kuchapa neno moja. Alicheka, akidhani natania.

Nilipostaafu, kuniaga alikuja Mratibu mwenyewe, ambaye sasa alikuwa Mkurugenzi. Alihutubia vizuri. Alisema nimewafundisha vijana wa kituo kuwasikiliza wananchi. Watu wakapiga makofi, nikapewa jiko la gesi, nikasema asante. Nililipeleka jiko hilo nyumbani, na sikuliwasha mwaka mzima kwa hasira tu, nikipika kwa kuni na kujikohoza bure.

Vijana mnaniuliza kama naichukia mashine. Siichukii. Mashine ilikuwa shahidi mwaminifu kuliko watu wote waliokuwa mle chumbani. Ilisema ilichokiona mpaka ilipoamriwa isikione. Ninachokichukia ni ile sauti ya upole. Mkisikia mtu anawaambia kwamba jambo limesemwa mno, kwa hiyo halina maana, shikeni kibodi zenu. Sijui kama itasaidia. Mimi nilishika yangu na haikusaidia.

Nilirudi Iyula kuishi kwenye kiwanja cha baba, nyumba yangu ikitazamana na ya Dada Eliza. Uzee ulitupatanisha kidogo. Tunachambua maharage pamoja. Hatukuwahi kuongea tena habari ya mizani, hadi alipokuja binti mmoja wa chuo kikuu, mwanafunzi mwenye adabu, na kompyuta ya mapajani. Kongoo yetu, alisema, inatumika sana chuoni kwao. Yeye anachunguza jinsi lafudhi ya Kinyiha inavyopandisha na kushusha sauti katika Kiswahili, na alikuwa amemtafuta kwa muda mrefu mama mmoja wa kwenye mikanda ya zamani. Akabonyeza, na dada yangu akaongea pale uani, akiwa bado na nguvu zake, kwamba kahawa ikiwa ndani kwake ni nzito.

"Ni mimi huyo," akasema Dada Eliza.

"Ndiyo, bibi. Wewe ni mfano mkuu katika tasnifu yangu."

"Umeisikiliza mara nyingi?"

"Mara nyingi mno, bibi."

"Nilikuwa nasema nini?"

Binti akageukia mistari iliyokuwa inapanda na kushuka kwenye skrini yake. "Hapa mwisho wa sentensi," akasema, "ndipo unapoishusha sauti ghafla."

Sikumlaumu. Alitumwa kutafuta kitu kimoja na alikuwa amekipata. Dada alinitazama, na mimi nikatazama maharage. Binti akaomba amrekodi tena, alinganishe sauti ya zamani na ya sasa. Nilijua dada atakataa. Hakukataa. Alijiweka sawa kwenye mkeka, akasubiri taa ya kinasa sauti iwake, akaanza kuongea taratibu, kwa lafudhi ile ile, kuhusu mvua zilivyochelewa, kuhusu mahindi, kuhusu kuku wa jirani wanaoingia bustanini, mpaka binti akatosheka na kumshukuru kwa mikono miwili.

Kahawa hakuitaja.