Jioni ambayo vyura hawakulia

Hivi wewe, ulishawahi kufika lamboni jioni usisikie hata chura mmoja? Mimi nilishafika, nikiwa mtoto. Leo mjukuu wangu wa kike karudi kutoka shambani, bomba mgongoni, gauni linanuka dawa ya pamba, nikakumbuka yote.

Mama yetu, tulimwita mayu, bomba la kupulizia dawa alilioshea shambani. Anabeba maji kichwani, anachimba shimo, anaoshea humo, anarudi anaimba. Baba mdogo anamcheka.

"Shemeji, unajichosha bure. Lambo si lile pale?"

"Niache, mvivu wewe. Mimi nikilala, nalala sina wasiwasi."

Siku moja baba mdogo akaoshea lake lamboni. Jioni tukapeleka ng'ombe, tukakuta kimya. Maji yana mafutamafuta juu, visamaki vimeelea matumbo juu. Ng'ombe wana kiu, wanasukumana. Mayu akawazuia na fimbo.

"Mwanangu, hata mmoja asinywe."

Ndama wangu, yule niliyepewa na baba, akaniponyoka, akanywa. Asubuhi tukamkuta amekufa, kakauka. Baba mdogo akamzika mwenyewe, na tangu hapo sikumsikia akicheka.

Basi leo nikamuuliza mjukuu bomba kaliosha wapi.

"Bado, bibi. Nilikuwa napita kukusalimia, halafu niende lamboni."

Nikamkalisha, nikamsimulia kama ninavyokusimulia wewe. Akalitwaa bomba lake, akainuka.

"Bibi, nitachimba shimo kulekule shambani. Na maji nitabeba mwenyewe, kila nikipuliza."