Nsansa ya Jirani wa Duka la Vitambaa

Vitabuni sisi Wasukuma ni watu wapole. Siku mhariri aliponitumia rasimu ya sura ya Shinyanga niisahihishe, kwa ajili ya kitabu cha rejea cha shule kuhusu tamaduni za Tanzania, upole huo niliutafuta nikaukosa. Ya ng'ombe na ngoma za nyoka niliyavumilia. Kisha nikafika hapa: "Wahindi ni wageni wafanyabiashara. Huishi kwa kujitenga na wenyeji."

Jirani yetu mjini Shinyanga ni Mhindi wa dini ya Kihindu, anauza vitambaa. Alizaliwa chumba cha nyuma cha duka hilohilo. Mjukuu wake na binti yangu wanakaa dawati moja, na kitabu hicho ndicho wangekisoma. Nilimfikiria yule mtoto akisoma kwamba kwao si kwao, roho ikaniuma.

Baba yangu alipofariki, mzee huyo alifunga duka akakaa nasi chini ya turubai mpaka tulipoanua matanga. Ng'ombe alichinjwa. Shangazi yangu, mtu wa kando ya ziwa, akaambiwa mzee hali nyama. Akasema hilo dogo, akampikia sato. Kwetu samaki amekuwa nyama tangu lini? Mzee akaitazama sahani, akasema kwa Kisukuma kilichonyooka kuwa samaki huyu naye anamtazama. Mama akacheka, mara ya kwanza tangu tufiwe. Shangazi akarudi jikoni, akaagiza sufuria mpya isiyowahi kupikiwa nyama, akapika nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akaiunga kwa karanga. Mzee akaomba aongezewe. Mpaka leo nsansa haikosekani nyumbani kwake, na mimi najivunia sufuria ile kuliko ngoma zote za nyoka.

Nikampigia mhariri simu.

"Dada, kitabu cha rejea lazima kiseme kwa jumla," akasema.

"Jumla yako inamfukuza mtoto darasani kwake. Ukiichapa hivyo, jina langu litoe."

Akaniambia niandike mwenyewe. Kwa hasira nikaandika kwamba Wahindi wa Shinyanga ni wakarimu, na jirani akifiwa hufunga maduka. Nikampelekea mzee asome kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Alisoma taratibu, akatikisa kichwa. "Mimi nilifunga. Kaka yangu hakufunga. Usitupake sukari. Sema tu tumezaliwa hapa."

Nikafuta, nikaandika kwamba wengi wao wamezaliwa hapa, na kila nyumba ina taratibu zake, kama nyumba nyingine zote za mji. Mhariri hakugusa neno.

Kitabu kilitoka. Juzi binti yangu alirudi kutoka shule, nikamuuliza wamesoma nini. Akasema wamesoma sura ya Shinyanga, na mwalimu akauliza darasani nani ni mwenyeji wa hapa.

"Dawati letu tulinyoosha mikono wote wawili," akasema, akaenda kufunua sufuria.