Mtungi Niliong'arisha

Mtungi ulikuwa wa udongo, mzito kama mtoto wa miaka miwili, na Jumatatu ile ya kuelekea Pasaka niliukuta chini ya dirisha la jikoni ukiwa na majimaji ya kijivu kidogo tu ndani yake. Nikaunusa. Ulitoa harufu kali ya kitu kilicholala siku nyingi. Nikayamwaga, nikatia maji ya moto na sabuni, nikasugua ndani na nje mpaka ukang'aa. Nikaupindua juu ya kitambaa ukauke, na moyoni nikajisifu.

Nilikuwa mwosha vyombo katika mkahawa wa Kipolandi, kwenye jengo la zamani la matofali mekundu kando ya mfereji, hapa Birmingham. Shule niliiacha kidato cha pili, wazazi walipotutoka wote wawili na kuniachia wadogo watatu. Mtu aliyeacha shule mapema huzoea kuifanya kazi aliyopewa hadi pasiwe na pa kumlaumu. Lakini nilitaka kupika. Sikuwa nimemwambia yeyote. Nikiwa kwenye sinki niliwatazama wenzangu wa jikoni wakikunja pierogi, ambazo ni kama sambusa za kuchemsha, nami nikizikunja kichwani.

Mwenye mkahawa alikuwa mama mtu mzima. Tulimwita Pani, kama Wapolandi wanavyomwita mwanamke wa heshima. Aliingia saa nne, akauona mtungi, akasimama.

"Nani ameosha huu?"

"Mimi, Pani."

"Kwa sabuni?"

"Kwa sabuni. Mara mbili."

Akakaa juu ya gunia la viazi. Kwa Kiingereza chake cha kukatakata akanieleza nilichomwaga. Kilikuwa chachu ya zurek, supu ya unga wa rai, nafaka yao inayofanana na ngano ila ni nyeusi zaidi. Unga huo huachwa majini uchachuke, na Wapolandi huinywa supu yake Pasaka wakitoka kanisani. Mabaki ya chini hayatupwi kamwe, kwa sababu ndiyo yanayochachusha unga unaofuata. Yale niliyomwaga yalianzia katika mtungi wa mama yake mzazi. Na meza zote za Jumapili zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa na watu wanaofuata supu hiyo.

"Tununue ya chupa," alisema mpishi, Mpolandi mwenye mikono minene na mdomo mwepesi. "Na huyu tumfungie sabuni kabatini."

"Ya chupa ni ya wagonjwa," Pani alijibu, ila hakukataa. Akanigeukia. "Wewe, tutazungumza Jumamosi."

Nilielewa. Supu ikikosekana, nami ningekosekana.

Jioni nilimsimulia mdogo wangu wa mwisho, ambaye sasa ni muuguzi na ndiye ninayeishi naye mtaa wa Shard End. Nilitarajia pole. Akaweka kijiko chini, akanitazama kama mgonjwa aliyekataa dawa.

"Kaka, ni wewe kweli? Wewe uliyenichapa kwa kuosha mwiko wa uji?"

Nikaacha kutafuna.

Kwetu tulikunywa uji wa kuchachua. Marehemu mama alikuwa na sharti moja: mwiko wa uji haupitishwi majini. Uliangikwa juu ya meko na utando wake, nao utando huo ukikorogwa katika unga mpya uliuchachusha. Alipofariki nililishika sharti lile kama nilivyowashika wadogo zangu. Majirani walinicheka, mwanamume mzima anapika uji. Watoto watatu walikwenda shule na uji ule tumboni, wakamaliza.

Kesho yake nilifika kabla ya mpishi. Mwiko wa ule mtungi ulikuwa kwenye msumari wake juu ya dirisha, mahali ambapo mkono wangu wa sabuni haukuwahi kufika. Niliukwaruza kwa ukucha. Utando ulikuwepo, mkavu, wa kijivu. Nikauonja. Ulikuwa mchachu.

"Pani," nilimwambia alipoingia, "nipe unga wa rai, na muda mpaka Jumamosi."

"Chachu mpya inataka wiki, au zaidi."

"Hii si mpya. Ni ya mama yako, imebaki kwenye mwiko. Inataka joto tu, na dirishani hakuna joto."

"Mwosha vyombo amekuwa profesa," mpishi alisema.

"Mwache," akasema Pani. "Jumamosi nikiikuta bado, nakwenda dukani kununua chupa."

Niliuweka mtungi pembeni mwa sinki langu, karibu na boila ya kuchemshia maji. Nilipima uvuguvugu wa maji kwa kifundo cha mkono, kama nilivyokuwa nikipima uji wa kitindamimba wetu, kisha nikatia unga wa rai na kukoroga kwa mwiko ule ule hadi utando wote ukaachia. Pani alipita, akadondosha punje za kitunguu saumu ndani, akaenda zake.

Jumatano haukuwa na harufu ila ya unga uliolowa. Mpishi aliinama, akanusa.

"Gundi nzuri. Tutabandikia karatasi za ukutani."

Nilikoroga asubuhi, nikakoroga mchana. Alhamisi mapovu madogo yalijitokeza ukingoni, na Ijumaa mtungi ukawa unanong'ona ukiutegea sikio.

Jumamosi Pani alikuja jikoni amekwisha kuvaa koti, na mfuko wa kwenda dukani mkononi. Akachota kijiko kimoja, akaonja. Akachota kingine. Kisha akavua koti, akalitundika.

"Pika," aliniambia.

"Mimi?"

"Mtungi umeuamsha wewe. Nitakuonyesha. Yeye atakukatia soseji."

"Soseji kweli naiweza," mpishi alisema, akachukua kisu.

Jumapili mabakuli yalitoka na soseji na mayai ya kuchemsha, yakarudi yakiwa makavu. Mzee mmoja alifuta lake kwa mkate, akaomba la pili. Mdogo wangu alikuja kutoka kanisani kwao na gauni lake la njano, akaketi meza iliyo karibu na jikoni, akanywa kijiko cha kwanza na kufumba macho.

"Kaka, huu si uji wetu uliovishwa soseji?"

Pani alisimama kando yake. "Ndugu yako alijifunza wapi kupika?"

"Nyumbani," alijibu. "Sisi ndio tuliokuwa wateja wake wa kwanza. Alikuwa mkali, bakuli lilikuwa lazima liishe."

Pani akacheka, akaingia jikoni na kuniletea aproni nyeupe ya wapishi. Nimeivaa tangu siku ile. Mwosha vyombo mpya alipoanza, jambo la kwanza nililomwonyesha ni mwiko kwenye msumari.