Tulichookota Chini ya Mjakaranda

Ipo siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu, na kwa kuwa umeniambia unaanza kulea watoto wa majirani hapo mtaani kwako Troyeville, nimeona nikusimulie kabla hujaenda mjini kununua midoli ya plastiki.

Nilikuwa kijana kama wewe. Nimetoka Tanga sijamaliza hata mwaka, ninaishi mtaa wa Bellevue, mji huu huu, katika nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba. Kina mama wakienda kazini, mimi nabaki uani na watoto wao. Vitu vya kuchezea sikuwa navyo. Ila nje ya geti ulikuwepo mjakaranda mkubwa, na kila asubuhi ulikuwa umemwaga kitu: maua ya zambarau, vijiti, maganda bapa ya mbegu, magumu kama mbao. Basi tukaokota. Udongo tuliuloweka tukafinyanga kobe, ganda la mjakaranda likawa gamba la mgongoni. Majani makavu tukayapanga chini tukapata samaki, tukapata simba. Sharti nililowawekea lilikuwa moja: tunachukua kilichoanguka, kilicho hai tunakiacha.

Miongoni mwao alikuwemo Grasia, binti wa msusi mmoja Mkongomani. Kiswahili alikisikia chote, lakini akijibu ni Kiingereza, au Kizulu cha barabarani. Sikumlazimisha. Tulipofanya kazi nilitaja tu kile kilichokuwa mkononi: hili gome, hii mbegu, huu mzizi. Yeye harudii neno, vidole vyake vinahangaika na udongo.

Jioni moja mama yake alikuja kumchukua akamkuta ametapakaa tope hadi masikioni.

"Dada, nilikuletea mutoto ajifunze," aliniambia. "Kwani kule kwetu matope ilitupungukia? Mama yangu anapiga simu toka Bukavu, mutoto anamusikia, lakini anakosa neno ya kumujibu. Na wewe unamufundisha matope! Wiki hii ikiisha, namupeleka kwa ile nyumba yenye televisheni."

Nilimwosha mtoto miguu bombani, nikamkabidhi. Usiniulize nililalaje.

Ijumaa ikafika, siku yake ya mwisho kwangu. Mvua ya mawe ilikuwa imepiga usiku, ikaangusha kiota cha wale ndege wa manjano wanaofuma viota mitini, na watoto walikizunguka wakishangaa jinsi kilivyofumwa. Grasia akaenda zake pembeni, akakusanya nyasi kavu, akaanza kusuka. Alisuka taratibu, ulimi nje, nyuzi tatu tatu, akazungusha misuko ile mpaka ikawa kikapu kidogo chenye mlango. Nilitamani mama yake akikute kimependeza. Nikatafuta maua ya kukipamba, lakini yote yaliyokuwa chini mvua ilikuwa imeyasaga. Nikasikia hatua za mtu kwenye geti. Nikanyoosha mkono, nikashika tawi lililoinamia ukuta, limejaa maua mabichi, nikaanza kulipinda.

"Shangazi, hapana!"

Nikageuka. Grasia alikuwa amesimama, kile kiota alichokisuka kifuani.

"Usikate. Iko inaishi. Tuchukue ya chini."

Kwa Kiswahili, mwanangu. Neno juu ya neno. Mkono wangu wenyewe uliliachia lile tawi, uso unaniwaka moto kwa aibu, na papo hapo nikataka kucheka na kulia.

Mama yake alikuwa ameganda getini. Alikuja polepole, akachuchumaa, akapitisha kidole juu ya zile nyasi.

"Nani alikufundisha kusuka hivi?"

"Wewe, mama."

Alitoa simu, akapiga Bukavu, akamwekea mtoto sikioni. "Koko," Grasia akasema, maana ndivyo wanavyomwita bibi kwao, "nimesuka nyumba ya ndege." Kigelegele kilichotoka kwenye simu ile kilisikika uani kote, watoto wengine wakaitikia bila kujua sababu.

Jumatatu mama yake alimleta mwenyewe, amemvika gauni kuukuu la kuchafukia. Hatukuzungumza tena habari ya televisheni.

Kwa hiyo, mwanangu, watoe nje. Mti wa barabarani unatosha, hata kama ni mmoja na umezungukwa na lami. Waache waguse, wanuse, wajipake. Mtoto aliyewahi kutengeneza kitu kwa jani hatalipita jani kama takataka, na mti uliompa kobe wake atautetea hata mbele yako wewe uliyemfundisha. Kazi yao ikiisha, mrudishe udongo na majani mlipovitoa, wasijifunze kulimbikiza. Na siku mtoto atakapokukataza jambo ulilomkataza wewe, usimwambie anyamaze. Shusha mkono, umshukuru mbele ya wenzake. Hapo ndipo utakapojua kuwa ulichomfundisha kimeingia.

Nakuombea Mungu akupe mikono mipole na masikio yenye subira. Akujalie watoto wanaouliza, na ua lenye kivuli na ndege. Wakikua wakatawanyika mji huu wote, kila watakapokaa pawe na kitu kibichi kinachoota kwa sababu walipita kwako. Amina, mwanangu.