Tuta Letu Limezuia Maji

Jamani, leo watu wamemshukuru Mungu huku nyumba ya mwenzao inazama!

Mnalijua lile tuta la udongo tulilojenga bondeni kwa kujitolea, mafuriko yasituharibie tena mpunga.

Siku ya kulisomea dua, Bi Mize, yule mjane anayekaa upande wa juu wa tuta, ndiye aliyetupikia sadaka kwa sufuria yake kubwa. Mwenyekiti wa tawi akaomba maji yasipite. Bi Mize akaitikia "Amin" kutushinda sote.

Basi mvua ya jana, tangu Mapinduzi sijaiona mfano wake. Asubuhi tukakimbilia tutani.

Halijameguka hata kidogo. Upande wa chini, mpunga umesimama.

Upande wa juu, bwawa. Na katikati ya bwawa, paa la makuti la Bi Mize.

Mwenyewe yuko juu ya tuta, kanga zimemganda mwilini.

"Mwenyekiti, nakuomba. Kateni upenyo mdogo tu, nipate kutoa vitu vyangu."

"Tukate tuta la wananchi kwa ajili ya kibanda?"

(Shamba la kwanza chini ya tuta ni la nani? La mwenyekiti!)

Kisha akamchekea.

"Dua yetu imekubaliwa, Bi Mize. Ijumaa utupikie tena, tushukuru."

Bi Mize hakulia. Akanyoosha kidole majini. Sufuria yake ilikuwa inaelea, inakuja taratibu upande wetu.

"Hiyo inakuja," akasema. "Ipokeeni."

Wallahi, mwenyekiti akaagiza iopolewe.

Sasa nambieni, Ijumaa nani atakwenda kula?