Simu za Kadi Kule Kianjokoma

Simu ya kwanza ilinikuta shambani Mitunguu, nikipunguza majani makavu ya migomba. Kijana mwenye sauti ya upole alinitaja majina yangu yote matatu kama mwalimu anayeita rejista, kisha akaniuliza kama naikumbuka kadi ya mkopo niliyopewa na benki nilipokuwa nafanya kazi mjini Embu.

Niliikumbuka vizuri. Wakati huo sikuwa nimeolewa, nilikuwa karani katika ofisi ya bima, na vijana wa benki walikuja na tai zao wakatugawia fomu kama watu wanaogawa peremende. Kwa kadi hiyo nilinunua friji, godoro la maana, na viatu ambavyo sikuwahi kuvivaa mara nyingi kwa sababu vilikuwa virefu. Ofisi ilipofungwa nilichukua malipo yangu ya mwisho, nikaenda benki nikalipa kilichobaki, na dada wa kaunta akaikata kadi kwa makasi mbele yangu. Nilitoka pale nikaenda kula chipsi. Kwangu mimi hadithi iliishia hapo.

"Madam, kwa kompyuta yetu hujalipa," kijana alisema. "Na riba imeendelea."

Alipotaja jumla nilikaa chini kwenye shina la mgomba uliokatwa. Kwa pesa hiyo ungenunua ng'ombe wawili wa maziwa. Benki yenyewe ilikuwa imeshamezwa na benki nyingine, na kwenye jengo lake siku hizi kunauzwa magodoro. Risiti zangu zilipotea nilipokuwa nahama kwenda kuolewa. Nilimwambia nililipa. Akanijibu kwa adabu kwamba yeye hana habari hiyo, kwamba kampuni yao ilinunua madeni ya zamani, na kwamba ningetuma hata mia tano tu, kuonyesha nia njema, angenisaidia kupunguziwa.

Tangu siku hiyo alinipigia asubuhi, mchana, hata nikiwa kanisani. Siku moja alisema jambo linaweza kufika kwa madalali, waje kubeba vitu. Nilimwambia mume wangu wakati wa chakula. Yeye aliendelea kutafuna.

"Waambie waje na lori kubwa," alisema. "Wabebe na zile ndizi broka amekataa kununua."

Nilicheka, lakini usingizi haukuja vizuri. Kwa hiyo tulienda Meru mjini kumwona binamu yake ambaye ni wakili. Alitusikiliza akiwa amevua miwani, kisha akaniuliza mara ya mwisho mimi na benki kuwasiliana ilikuwa lini. Nilipomwambia, akatabasamu.

"Kwa deni la namna hii sheria inatoa miaka sita tu ya kumpeleka mtu kortini," alisema. "Hili limepita zamani. Kwa hiyo hata kama hukulipa, na mimi naamini ulilipa, hawana pa kukupeleka. Lakini ukituma pesa kidogo, au ukiandika na kutia sahihi kwamba deni ni lako, hesabu ya miaka inaanza upya."

"Hata mia tano?"

"Hata kumi. Ndiyo maana anaiomba hiyo mia tano kwa upole."

Kwa ushauri huo alitaka mkungu mmoja wa ndizi, na nikampelekea miwili. Kijana alipopiga tena nilimwambia sikubali deni hilo, na kama wana ushahidi wanitumie kwa maandishi. Akasema sawa madam, siku njema. Simu zikakoma. Nilidhani nimeshinda.

Sikujua kwamba kwenye ile fomu ya zamani nilikuwa nimeandika namba ya mama yangu kama jamaa wa karibu. Mama anaishi Kianjokoma, kwenye shamba lake la majani chai, na namba yake haijabadilika tangu tumnunulie simu ya kwanza. Aliponipigia alikuwa na sauti ya huruma.

"Mwanangu, mbona hukuniambia una kadi?"

"Kadi gani, mama?"

"Hiyo ya mchango. Kijana amenieleza. Anasema ulichukua kadi ukakosa kuirudisha na pesa. Hiyo ni aibu ndogo tu, watu hukwama."

Mama alikuwa ameelewa kwamba ni kadi ya harambee, zile tunazopewa kanisani tukazungushie majirani wachange. Na kijana, sijui kwa kuchoka au kwa ujanja, hakumsahihisha. Ilionekana walikuwa wakizungumza kwa wiki kadhaa. Alijua mama anaumwa goti. Mama naye alijua kijana anaishi peke yake, hapiki vizuri, na mshahara wake unategemea watu wanavyolipa.

"Usihofu," mama akaendelea. "Nimewaambia akina mama wa kikundi. Tumeshachanga. Kesho wakija hapa kwangu, mwenyekiti atamtumia."

Nilimwambia wasitume hata shilingi, nakuja. Alisema nije tu, lakini nisiwaharibie watu roho ya kutoa. Kesho yake nilitoka Mitunguu mapema, na kufika Kianjokoma nilikuta akina mama wameketi uani, vikombe vya chai mkononi na sinia la nduma za kuchemsha katikati. Mwenyekiti, mama mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, alikuwa ameshika simu yake tayari, anatafuta miwani. Hiyo miwani iliyopotea ndiyo iliyoniokoa.

Nilianza kuwaeleza, na kabla sijamaliza simu ya mama ikalia. Ni kijana. Mwenyekiti akasema iwekwe sauti kubwa kwenye stuli.

"Shosho, habari ya goti?" kijana aliuliza, akimwita mama kama bibi yake.

"Goti liko afadhali. Umekula?"

"Nimekunywa chai. Shosho, ile kitu uliniahidi ya leo..."

"Kijana, mimi ni mwenyekiti," mwenyekiti akadakia. "Hii kadi ni ya kanisa gani?"

"Si ya kanisa, mama. Ni ya benki."

"Benki inajenga nini?"

Akina mama waliinamisha vichwa wakizuia kicheko. Kijana akajaribu kueleza habari ya riba na kampuni kununua deni. Mwenyekiti alimwuliza kama kampuni ilinunua deni kwa bei ile ile anayodai. Akasema hapana, wananunua kwa bei ya chini. Mama mmoja aliyekuwa amenyamaza akasema taratibu, "Basi mnafanya biashara. Sisi tulidhani ni harambee."

Nikachukua simu. Nilimwambia ni mimi, na kwamba sijakasirika, lakini asimpigie mama tena kuhusu deni.

"Uko na karatasi yoyote yenye sahihi yangu?" nilimuuliza.

"Kusema ukweli madam, mimi hupewa jina, namba na jumla. Karatasi sijawahi kuona."

"Basi andika hivyo kwenye kompyuta yako."

"Nitaandika," alisema. Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, "Mwambie shosho pole. Alikuwa ananiongelesha vizuri."

Mama aliichukua simu akamwambia kwamba hana neno naye, ila atafute kazi ambayo watu wakiona namba yake watafurahi. Kijana akacheka, na sisi wote tukacheka, na simu ikakatwa.

Haukupita muda mrefu kampuni ikanitumia ujumbe mfupi kwamba faili imefungwa kwa kukosa kumbukumbu. Niliusoma nikiwa nachota maji, nikausoma tena, nikampelekea mume wangu naye akausoma. Hatukufanya sherehe. Nililala tu vizuri.

Ila pesa za akina mama zilikuwa zimechangwa, na mwenyekiti alisema pesa iliyotoka mfukoni kwa ajili ya mtu hairudi mfukoni. Kwa pesa hizo walikodi gari wakaja Mitunguu Jumamosi moja, wakaimba toka barabarani hadi langoni, na joto la huku likawafanya wavue sweta zao na kuzirundika kitandani kwangu. Tulipika ndizi na nyama, na wakanywa maji mengi kuliko chai. Jioni kila mmoja aliondoka na mche wa mgomba mkononi. Mume wangu aliwaambia baridi ya Kianjokoma itaichelewesha sana migomba hiyo kukua. Mwenyekiti alimwangalia, akaupakata mche wake kama mtoto, akamwambia wao hawana haraka.