Kwasari Nyingine Moja

Naikumbuka siku baba alipokuja kwenye chumba changu cha kupanga pale Kimandolu, mjini. Nakusimulia, mwanangu, ingawa si mimi niliyekuzaa, kwa sababu umeniambia unataka kusomea nyota, na mimi nimeshachoka kuona vijana wakipotelea huko.

Kazi yangu ilikuwa kuchunguza gesi inayozunguka galaksi za mbali. Gesi yenyewe haionekani. Unatafuta kwasari, kitu kinachong'aa kupita kiasi nyuma kabisa ya galaksi hiyo, kisha unaangalia mwanga wake umepungua wapi ulipopita kwenye gesi. Shida ni kwamba kwasari moja inakuonyesha sehemu moja tu, nyembamba kama uzi. Ukitaka kuijua gesi yote unahitaji nyingine, halafu nyingine. Na kazi hiyo inanoga, nisikudanganye.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na mkulima wa kahawa, huko mlimani juu ya Kikatiti. Mimi ni kitindamimba wake, na kwa mila kihamba, yaani shamba la nyumbani, kilikuwa changu. Kwetu baba humtembeza mrithi kwenye mipaka yote, akimwonyesha masale, mimea ya mpaka iliyopandwa na babu, na hilo hufanywa baba akiwa bado hai. Alikuwa akinipigia simu kuniita tangu msimu wa kuchuma. Kila mara nilimjibu kwamba nikimaliza kwasari moja tu, nitapanda mlimani.

Siku hiyo akashuka yeye. Nilimwamkia, nikampa kiti, nikamwonyesha mchoro kwenye kompyuta. Akauliza gesi iko wapi. Nikamweleza kuwa haionekani, tunaijua kwa mwanga uliopungua. Akaiweka kofia yake magotini.

"Nyumbani napungua mimi, baba," akaniambia taratibu. "Huko utaangalia lini?"

Nilishikwa na aibu, nikaifunga kompyuta. Kesho yake tulipanda pamoja. Tulitembea nusu ya mpaka, miguu ikamkatalia, na hakutoka tena nje ya uwanja wake hadi alipofariki. Nusu iliyobaki nilionyeshwa na majirani, na mpaka leo sijui kama walinionyesha kweli. Hilo linanichosha kuliko uzee wenyewe.

Kwa hiyo soma nyota, mwanangu, sikuzuii. Ile gesi ipo, itakusubiri. Ila mzazi akikuita usimwambie "nikimaliza", maana kazi ile haimaliziki. Mtajie siku, ifunge kompyuta hata kama umefika katikati, uende. Mungu akupe macho ya kufika mbali, na akukutanishe na wazazi wako wakiwa bado wanaweza kutembea nawe.